Bustani Baada ya Eda

Neno eda limetoka katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuhesabu. Mjane wa Kiislamu huhesabu miezi minne na siku kumi kwa mwandamo wa mwezi, na katika muda huo hukaa nyumbani mwake, huacha mapambo na manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Mwenye bustani naye ni mtu wa hesabu. Huhesabu siku tangu mbegu kufukiwa hadi kuchomoza, na wiki tangu mche kuchomoza hadi kuhamishwa kitaluni. Wakulima na manahodha wa pwani ya Waswahili tangu kale walizihesabu siku za mwaka kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kutweka tanga. Aghlabu hesabu hizi mbili, ya msiba na ya shamba, hupita kila moja njia yake. Mwaka 2024, katika mji wa Portsmouth kusini mwa Uingereza, zilikutana juu ya kichwa cha mwanamke mmoja wa Unguja mwenye umri wa miaka 74.

Portsmouth ni mji wa kisiwani. Sehemu yake kubwa imejengwa juu ya kisiwa cha Portsea, na upande wa mashariki wa kisiwa hicho upo mlango wa bahari wa Langstone, ambao maji yakipwa huacha matope wazi masafa marefu, na ndege hushuka kuchokoa chakula chao kama wanavyofanya katika mikoko ya Pemba. Wazanzibari si wageni wa mji huo. Sayyid Jamshid bin Abdulla, aliyeondoshwa katika kiti cha usultani kwa Mapinduzi ya Januari 1964, aliishi huko katika mtaa wa Southsea hadi 2020 alipohamia Oman, na familia nyingi za visiwani zilipata maskani yao humo kwa njia mbalimbali.

Mume wa bibi huyu alifika kwa njia ya bahari. Alikuwa baharia, mzaliwa wa Wete, na alipochoka na meli alipata kazi ya bandarini na akamwita mkewe amfuate. Mke ni mtoto wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye hadi anaondoka kwao hakuwahi kushika jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe katika mwaka wake wa tatu ugenini, pale mumewe alipokodi kiwanja cha kulima. Waingereza wana desturi hiyo: serikali za mitaa hukodisha viwanja vidogo kwa wakaazi wa mjini ili wajilimie mboga, na sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyoupa utaratibu huo nguvu. Kiwanja kamili, kwa kipimo chao cha kale, ni kama mita za mraba 250. Ni padogo kwa Mpemba aliyekulia kwenye konde za baba yake, lakini Mpemba huyo alisema ardhi ni ardhi, nyingine hujazwa na mazao na nyingine na maneno.

Kazi waligawana. Mke alishika uwanja wa nje, penye mbatata, vitunguu, maharage na kabichi, mazao yanayostahimili baridi. Mume alishika banda la vioo, kwani humo ndimo mlimoweza kuota vitu vya nyumbani: mchicha, mabamia, mabilingani, pilipili mbuzi na tungule. Banda lenyewe halikuwa kubwa, hatua nane kwa nne, lakini alilipa jina. Aliliita Wete. Asubuhi akimaliza chai alivaa kofia yake akasema, "Mimi nakwenda Wete," na watoto wao walikua wakidhani kwamba Wete ni hapo mwisho wa barabara.

Mzee alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 17 Januari 2024, baada ya maradhi yaliyoanza kumdhoofisha tangu mwisho wa kiangazi kilichotangulia. Akazikwa, matanga yakawekwa, na mjane akaingia eda. Siku ya nne ikavuma dhoruba kubwa ambayo idara za hali ya hewa za huko ziliipa jina la Isha. Wanawake waliokuwa nyumbani pamoja naye walilisikia jina hilo katika redio wakatazamana, pasiwe na aliyesema kitu. Juu ya bustani hakuna aliyefikiri. Hata yeye mwenyewe, alivyokiri baadaye, bustani haikumpitia moyoni kabisa katika wiki zile za mwanzo.

Ilimpitia mwezi wa Machi. Mwezi huo, katika nchi za kaskazini, ndio wakati wa kuamsha mbegu za mazao ya joto ndani ya nyumba, ili miche iwe tayari majira ya machipuko yanapoelekea mwisho. Akakumbuka kwamba eda humzuia mtu na barabara, haimzuii na udongo. Akamwagiza binti yake mfuko wa mboji, akapanga vikopo katika ubao wa dirisha la jikoni linaloelekea kusini, akapanda tungule. Halafu akalitafuta kopo la marehemu.

Kopo hilo lilikuwa la mbegu za mchicha. Mbegu ya kwanza ililetwa kutoka Pemba miaka mingi iliyopita, imefungwa katika kipande cha karatasi, na tangu hapo kila mwisho wa msimu mzee alikuwa akiacha miche mizuri kuliko yote isikatwe, ikapanda juu, ikatoa masuke, akayakausha na kuyapukusa. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, nyeusi, yenye kung'aa, na gramu moja huwa na mbegu zaidi ya elfu. Bibi alipolifungua kopo alikuta kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, masalio ya miaka ya nyuma, kwani msimu wa mwisho hazikuvunwa. Akazipanda zote. Tungule zikaota siku ya nane. Mchicha haukuota. Dirisha la jikoni huwa na baridi usiku, na mchicha hupenda udongo wenye joto la nyuzi 20 na zaidi. Tena mbegu nazo zilikuwa zimezeeka. Alingoja wiki tatu, akangoja na Ramadhani ikaisha, kisha akaurudisha udongo mfukoni.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwonesha mtu yeyote, na sababu yake haikuwa mboga. Oktoba iliyotangulia, alipokwenda bandani akaukuta mchicha umekomaa, umekuwa mgumu kama kuni, masuke yameinama hadi chini na hakuna kilichovunwa, alimlaumu mumewe. Alimwambia kwamba ameitelekeza bustani, na kwamba aliyekula mbegu amekula mwakani. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kukosa jibu, alijibu neno moja tu: "Nimechoka." Wakati huo madaktari walikuwa bado hawajawaambia lile waliloambiwa Novemba. Maneno yale ya Oktoba ndiyo yaliyokaa na mjane muda wote wa eda. Alisamehewa na marehemu kwa mengi, na wao kwa wao walitakana radhi kabla ya mauti, lakini juu ya mchicha hawakuzungumza tena.

Mwezi wa Aprili ikaja barua kutoka kwa wasimamizi wa viwanja, imeandikwa kwa jina la marehemu. Ilikuwa barua ya adabu. Ilisema kiwanja kinaonekana hakilimwi, kwamba watu wanaosubiri viwanja ni wengi, na kwamba ukaguzi utafanywa katikati ya Juni. Binti yake aliisoma akasema, "Mama, magoti yako yenyewe unayajua. Tuwarudishie. Baba ndiye aliyekuwa akikipenda kile kiwanja." Bibi akaichukua barua, akaikunja, akaiweka chini ya msahafu. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Eda ilikwisha Ijumaa, tarehe 24 Mei. Akaoga, akabadilisha nguo, wanawake wakamsomea dua, ukatiwa udi. Jumatatu iliyofuata skuli zilikuwa zimefungwa kwa wiki moja, na mjukuu wake, kijana wa miaka 14, akaja asubuhi kumchukua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Zamani jibu lilikuwa refu zaidi. Kwa utani wa bibi na mjukuu wa pwani, tangu kijana huyu yu mchanga alikuwa akimjibu, "Marahaba, mume wangu," na mzee akitia sauti kutoka chumba cha pili kwamba hataki uke wenza wa kiume nyumbani mwake. Tangu Januari neno hilo lilikuwa halijatoka. Kijana alikuwa amelikosa, lakini watoto wana busara zao, hakuliuliza.

Mwisho wa Mei kwa mtu wa Pemba ni masika yanayokatika, ardhi imeshiba maji na upepo wa kusi umeshika. Kwa Portsmouth ni majira ya machipuko yanayofunga mlango. Jua huchomoza saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu za usiku, na kila kilicho hai huota kwa pupa, kama kinachojua kwamba siku ndefu hizo hazidumu. Magugu ndiyo yanayojua zaidi. Kiwanja walikikuta kimefunikwa hadi kwenye magoti. Njia tu ndiyo iliyokuwa imefyekwa, pande zote mbili, kazi ya mzee wa Kiingereza wa kiwanja cha jirani, ambaye alikuja akavua kofia, akatoa pole, akaeleza kwamba njia ni ya watu wote ndiyo maana akaifyeka, ama ndani hakuingia, kwa vile hakujua kama desturi yao inaruhusu. Bibi alimwambia kwamba desturi ingeruhusu, na kwamba kutoingia kwake pia ni adabu.

Mlango wa banda ulikuwa umekaza. Kijana aliusukuma kwa bega, na joto likawatokea usoni. Hivyo ndivyo vioo vinavyofanya kazi: mwanga hupita ukaingia, udongo na mimea hupata moto, hewa hupata moto kutokana na hivyo, na kwa kuwa haina pa kutokea hubaki humo ikizidi. Siku ya jua, banda lililofungwa huweza kupita nyuzi 40, na mmea hufa humo kama ng'onda. Miche ya pilipili iliyoachwa ndani ya vyungu ilikuwa imebaki vijiti. Kwenye msumari ilitundikwa kofia ya mzee, imepauka upande mmoja.

Upande wa kushoto, juu ya tuta la mwisho, kioo kimoja cha paa hakikuwapo. Dhoruba ya Januari ilikuwa imekipokonya, na vipande vyake vilitapakaa chini. Na hapo chini, katika mraba ulio sawasawa na nafasi ya kioo kile, udongo ulikuwa wa kijani. Kwengine kote bandani ulikuwa mkavu kama majivu.

"Hapa nianze kung'oa magugu, Bibi?" Kijana alikwisha kuinama, na mkononi ana mche wa kwanza.

"Wacha!" Sauti ilimtoka kwa ukali asioukusudia. "Usiguse. Nipe huo."

Akauchukua, akaugeuza jani. Katika viwanja vya Uingereza lipo gugu moja ambalo ni jamaa wa mchicha, wa ukoo mmoja katika elimu ya mimea, na likiwa changa huwadanganya wengi. Watu wa Ulaya wa zama za kale walikuwa wakilila, wa leo hulitupa. Alama yake ni ungaunga mweupe chini ya jani. Jani lililokuwa mkononi mwake lilikuwa safi, na chini yake lina wekundu, na shina lake vilevile. Akatazama tena tuta zima. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa muda, na kijana akatoka nje kwenda kutafuta kazi isiyokuwapo.

Yaliyotokea hayakuwa muujiza, ni hesabu tu. Mchicha usiovunwa hupukutisha mbegu zake chini kwa maelfu. Mbegu hizo hulala baridi yote bila kudhurika, na hazihitaji ila joto na maji. Joto lilikuwamo, kwani Mei hiyo, kwa wastani wa mchana na usiku, ilikuwa na joto kuliko Mei zote zilizopimwa Uingereza tangu 1884. Maji yasingekuwamo, maana banda lilifungwa tangu Januari. Lakini machipuko ya mwaka huo yalikuwa ya mvua nyingi, na pale paliporuka kioo mvua ikapata njia. Kama mzee angeuvuna mchicha wake Oktoba kama alivyoambiwa, na kama dhoruba ingekiacha kioo mahali pake, mbegu ile ya Wete ingekuwa imekatika. Bibi aliyafahamu hayo yote pale juu ya ndoo. Lililomkalia zaidi ni kwamba yale masuke aliyoyalaumu ndiyo haya.

Kisha akainuka, kwa kuwa mwisho wa Mei si wakati wa kukaa. Kazi ilifanywa siku sita. Kwanza walifungua mlango na madirisha ya paa ili hewa ipite, wakaimwagia maji sakafu, maana ukavu huwaleta wale utitiri wekundu wanaonyonya majani. Vioo vilivyobaki wakavioshesha ukungu wa kijani. Tuta la mchicha wakalipunguza miche, mmoja ukiachwa kila baada ya shubiri, na mingine ikahamishiwa katika vyungu ikae kivulini hadi ishike. Miche ya tungule ya dirishani ilikuwa imerefuka na kupauka kwa kuutafuta mwanga, ndivyo ilivyo miche ya ndani ya nyumba. Bibi akaichimbia mashimo marefu akaizika hadi karibu na majani ya juu, kwa sababu shina la tungule likifukiwa hutoa mizizi. Kijana alifundishwa kuvikonyoa vichipukizi vya makwapani, na kumwagilia kidogo kila siku badala ya kingi kwa mara moja, kwa kuwa tungule inayopewa kiu na gharika kwa zamu huoza kitako.

Nje walilima nusu ya kiwanja tu. Wakati wa vitunguu ulikwisha kupita, na wa mbatata ulikuwa ukingoni, lakini mwisho wa Mei ndio khasa wakati wa maharage na maboga, na wakavipanda. Mzee wa jirani alileta mianzi ya kusimikia. Konokono wasio na nyumba walikuwa wengi kupita kiasi mwaka ule wa mvua, na kila jioni kijana aliwaokota kwa tochi akiwahesabu kwa sauti. Miche ya mchicha iliyokusudiwa kwenda nje ilizoezwa kwanza: mchana hutolewa upeponi, usiku hurudishwa ndani, siku baada ya siku, hadi ikaweza kulala nje. Mahali pa kioo wakabandika nailoni. Bibi aliitazama kazi hiyo ikifanywa, na akataka upande mmoja uachwe wazi kidogo.

Usiku wa Alhamisi aliitoa barua chini ya msahafu. Akawaandikia wasimamizi kwa mkono wake kwamba aliyekodi amefariki, kwamba yeye mkewe alikuwa katika muda wa maombolezo ambao dini yake inaamrisha, na kwamba anaomba kiwanja kiandikwe jina lake. Binti yake alipoisoma alikumbusha tena habari ya magoti. "Magoti yanauma hata nikikaa," akasema bibi. Juni walipokuja wakaguzi jina lilibadilishwa daftarini.

Ile miche iliyopunguzwa haikutupwa yote. Jumamosi ilipikwa kwa nazi, ikatosha sahani tatu ndogo, na moja ikapelekwa kwa jirani, aliyeila kwanza kwa heshima na baadaye kwa hamu, na akaondoka na miche minne ndani ya kopo. Katika tuta la bandani bibi alichagua mitano iliyonyooka kuliko mingine, akaifunga uzi mweupe shingoni. Hiyo ni ya mbegu, alimwambia mjukuu, haikatwi hata aje mgeni wa heshima namna gani.

Jioni hiyo walikaa mpaka jua linazama, saa tatu, kwa sababu usiku wa Mei huweza kushuka ghafla na banda halifungwi mapema wala halifungwi kwa kuchelewa. Bibi alitangulia njiani na jembe lake. Nyuma yake kijana alishikilia mlango.

"Bibi, Wete niifunge?"

"Ifunge, mume wangu," akajibu. "Kesho tutakuja tena."